Mabega ya Bwana Hobday

Nimerudisha funguo za chumba cha mavazi, nimerudisha tochi, na ile aproni yenye mifuko kumi na miwili nimeiiba, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Mlinitaka niwaandikie mambo ya kazi kabla sijasahau, nami nikakubali, maana siku ya kuagwa mtu hukubali chochote. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo kawaulizeni wengine. Mimi nitawaambia juu ya mtu mmoja niliyemvalisha kwa miaka kumi na minne, juu ya ahadi niliyompa, na jinsi nilivyoponea chupuchupu kutolewa kanisani kwa kushikwa mkono. Kazi yenyewe mtaiokota humo humo njiani.

Mimi ni fundi cherehani wa Ilala, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafua na kupiga pasi mashuka katika dobi moja pale Lewisham. Mwenye dobi alikuwa na dada yake, Doreen, aliyesimamia mavazi katika ukumbi wa tamthilia katikati ya London. Siku moja Doreen alipitia kuchukua koti, akanikuta nashona pindo huku nazungumza na mteja, macho yangu hayako hata karibu na sindano. Akaniuliza kama naweza kushona vile gizani. Nikamjibu kwamba kwetu umeme ulikuwa ukikatika utakavyo, na nguo za harusi hazikujua kungoja. Jumatatu iliyofuata nikaanza kazi.

Siku ile ya kwanza Doreen alikuwa na pini saba midomoni, na alinieleza kazi yote bila kutoa hata moja. Mvalishaji, alisema, ni mtu anayejua mwigizaji anatoka wapi, anakwenda wapi, na suruali yake iko wapi. Akanipa tochi ndogo ya kushika kwa meno ili mikono yote miwili ibaki na kazi. Akanionyesha jinsi ya kupanga nguo za kubadilishwa haraka: viatu vimelegezwa kamba, suruali imekunjwa juu ya viatu ili mtu aingize miguu yote miwili kwa mpigo, shati na kizibao vimeshonwa pamoja, vifungo vya mbele ni vya uongo na nyuma kuna velkro, ule utepe wa kubandika na kubandua. Kisha akanikabidhi chupa ya vodka. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, situmii. Akasema wala yeye hiyo haitumii, hiyo ni ya makwapa. Koti zito lisiloweza kufuliwa kila siku ukilinyunyizia vodka, harufu ya jasho inakufa. Basi nimefunga Ramadhani kumi na kitu huku nanukia kama baa, na namshukuru sana imamu wetu kwa kuwa mtu asiyeuliza maswali.

Mtu wangu wa kwanza kumvalisha alikuwa Clement Hobday. Alikuwa na miaka hamsini na ushee, masikio makubwa, magoti yanayogongana, na uso ambao kila mtu katika nchi ile aliwahi kuuona na hakuna aliyejua ni wa nani. Wako waigizaji ambao majina yao huwekwa juu ya mlango kwa taa. Bwana Hobday alikuwa wa kundi la pili, la wale wanaoingia na barua, wanaoleta supu, wanaohukumu watu, wanaochimba makaburi, wanaosema gari liko tayari, kisha wanatoka. Alikwishacheza maaskofu kumi na mmoja, na wezi wa kuku hakuwahi kuwahesabu. Kwenye filamu ulimwona dakika mbili, na ukifika nyumbani ndiye peke yake uliyemkumbuka.

Tulikuwa tukipanda treni moja, maana naye alikaa Lewisham. Mwanamke mmoja alimkodolea macho kuanzia London Bridge, mwishowe akashindwa kuvumilia, akamuuliza kama yeye si yule daktari wa meno wa Catford. Bwana Hobday hakusita. Alimuuliza lile gego la nyuma linaendeleaje. Yule mama akapanua mdomo pale pale mbele ya abiria, na Bwana Hobday akavaa miwani, akachungulia kwa makini, akamshauri apunguze tofi. Mama akashukuru kweli kweli. Mimi nilikuwa nimeufukia uso ndani ya mtandio, mbavu zinaniuma, machozi yananitoka. Yeye alifungua gazeti lake na kuendelea kusoma habari za kriketi.

Hapo ndipo mjue tabia yake. Bwana Hobday alikuwa hacheki mbele ya watazamaji. Chumbani kwake alikuwa akicheka mpaka anashika kiti, lakini akikanyaga jukwaa uso wake unakauka kama chokaa. Waigizaji wenzake walijaribu miaka na miaka. Walimwekea chura wa mpira ndani ya sahani ya supu, walimwandikia upuuzi kwenye barua alizopaswa kuzisoma kwa sauti, wala hakutetereka. Mimi nilikuwa nasimama pembeni mwa jukwaa, na kutoka pale humwoni mtu uso, unamwona mgongo tu. Kwa hiyo nilijifunza kutazama mabega. Mwigizaji anaweza kuung'ata ulimi na kuubana uso, lakini kicheko kikimzidi, mabega humsaliti. Niliwaona wakubwa wenye majina ya taa mabega yakiwarukaruka. Ya Bwana Hobday yalitulia daima.

Nikajiapiza kwamba huyu nitamchekesha. Kabla ya kutoka jukwaani alikuwa na desturi yake: anasimama, anapanua mikono kidogo, ananiuliza kwa kunong'ona, "Nimekamilika?" Mimi namkagua mbele, nyuma, kamba za viatu na mifuko, maana alikuwa na ugonjwa wa kuficha pipi za mnanaa mifukoni na pipi zile zikiyeyuka chini ya taa zinaharibu koti la watu. Kisha namjibu, "Umekamilika. Nenda." Katika nafasi ile ndogo nilimtupia kila nilichokuwa nacho. Nilimnong'oneza kwamba amefanana na shangazi yangu. Nilimtekenya. Doreen alikuwa akichora msitari wa chaki ukutani nyuma ya ubao wa pasi kila nilipojaribu na kushindwa, na ukuta ule ulifika mahali ukataka kupakwa rangi upya.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa kuliko yote, ili mjifunze na mcheke. Tulikuwa na mchezo mmoja wa kuchekesha ambamo Bwana Hobday alicheza watu sita. Mmoja wao alikuwa mpishi mwenye kofia nyeupe ndefu. Mpishi anatoka, na baada ya sekunde ishirini na mbili yule yule anaingia mlango wa pili akiwa hakimu, amevaa joho jekundu na wigi. Sekunde ishirini na mbili ni nyingi kama hakuna kinachokwama. Jioni ile kulabu ya joho ilishika aproni yangu. Nikavuta, ikazidi kung'ang'ania, tukawa tumeunganishwa mimi na mahakama. Nilipoinasua zilikuwa zimebaki sekunde tatu. Akapanua mikono, akauliza kama amekamilika. Mimi, tochi mdomoni, nikatikisa kichwa kukubali. Akaenda. Nilipotazama mkono wangu wa kushoto, nilikuwa nimeshika wigi.

Hakimu aliingia mahakamani na kofia ya mpishi. Mshtakiwa alikuwa nyota wa mchezo, mtu wa jina la taa, na alipoinua macho alitoa mlio wa birika linaloanza kuchemka. Karani wa mahakama alijigeuza akautazama ukuta na hakurudi tena. Bwana Hobday akaketi taratibu. Akaipapasa kofia kwa kidole kimoja, akaelewa, akaiacha. Kisha akasema maneno yake yale yale ya kila siku, kwamba mahakama hii haitavumilia mzaha wa aina yoyote. Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga viti. Alingoja wakatulia, akayasema tena, polepole zaidi, akimtazama mshtakiwa ambaye sasa alikuwa amejikunja chini ya kizimba. Mimi pembeni nilikuwa nalia kwa hofu na nacheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikujua kwamba mwili unaliweza. Nikayatazama mabega. Kimya.

Nilijua nimefukuzwa. Badala yake ripoti ya meneja wa jukwaa ilisema hivi tu: hakimu alivaa kofia ya mpishi, mchezo umerefuka kwa dakika tatu. Mwongozaji akataka kosa lile lirudiwe kila siku. Bwana Hobday alikataa, akasema kosa la kweli ni tamu mara moja, ukilirudia linakuwa ujanja. Mchezo ulipofikia mwisho wake aliniletea ile kofia imefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Akasema ni yangu kwa haki, maana hakuna hakimu aliyewahi kuvikwa kofia ile isipokuwa na mimi.

Siku moja, kati ya onyesho la mchana na la jioni, alikuwa ameketi na miguu ndani ya beseni la maji ya moto, kikombe cha chai mkononi. Nikamwambia kwamba mimi nitamchekesha mbele ya watu, hata iweje. Akasema labda siku ya maziko yake. Nikamwambia kwetu hilo ndilo hasa linalofanyika.

Akataka nimweleze. Nikamwambia mimi ni Mzaramo, na sisi tuna watani wetu, Wanyamwezi. Mtani anakutukana na hukasiriki, anakunyang'anya ugali na unamwachia. Ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kukuigiza. Nilimsimulia maziko ya babu yangu kule Kisarawe. Watu wamekaa kwenye mikeka wanalia, mara mtani wake akatokea amevaa kanzu ya babu, ana fimbo ya babu, anakohoa kikohozi cha babu, anazunguka akifoka kwa nini chai haijaletwa. Alikuwa babu mtupu. Alilizuia jeneza lisipite mpaka apewe anachotaka. Bibi yangu alikuwa hajala siku mbili. Alicheka, kisha akaomba uji.

Bwana Hobday akaweka kikombe chini. Akauliza mtu anampataje mtani. Nikasema zamani watu walipigana au walisafiri pamoja, mwishowe wakaona afadhali kutukanana kuliko kuuana. Akauliza kama Waingereza na Wazaramo waliwahi kupigana. Nikafikiri, nikamwambia tuliyepigana naye ni Mjerumani, lakini nyinyi mlikuja baada yake mkatutawala, nadhani inatosha. Akaiona mantiki. Tukashikana mikono, maji ya beseni yakimwagika. Tangu siku ile akaniita mwizi wa vifungo, nami nikamwita beberu, na nilipomweleza maana zote mbili alifurahi wiki nzima.

Lakini kabla sijatoka aliniita tena, na safari hii hakuwa anatania. "Nimeigiza mamia ya watu, Bi Zena," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniigiza mimi. Siku yangu watasimama waseme nilikuwa mwigizaji mzuri na mtu mwema. Nani atawaonyesha nilivyokuwa natembea?"

Nikamwambia nitawaonyesha. Akaniapisha. Nikaapa.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia rafiki yangu Kabula, muuguzi wa hospitali, ambaye ni Mnyamwezi na kwa hiyo ni mtani wangu halali. Alikasirika kwa niaba ya kabila zima. Alisema utani haugawiwi ovyo, Mwingereza hajabeba mzigo hata siku moja kutoka Tabora hadi pwani, mizigo yake waliibeba babu zake Kabula. Halafu akauliza huyo mzee anatembeaje. Nikamwonyesha, pale jikoni, magoti yakigongana, mkono ukipapasa mfuko wa pipi. Kabula alilazimika kukaa.

Miaka iliyofuata Bwana Hobday alianza kunichukua hata kwenye filamu. Filamu ni kungoja, hakuna cha zaidi. Mnafika saa kumi na mbili asubuhi, mnapigwa picha za vifungo ili kesho vifungwe vile vile, halafu mnakaa. Kwenye filamu moja alikuwa maiti katika chumba cha maiti, kazi ya siku nzima juu ya meza ya bati. Ugomvi mkubwa ulizuka juu ya kile kikaratasi kinachofungwa kwenye kidole cha mguu. Watu wa vifaa walisema kikaratasi ni chao. Mimi nikasema mguu ukishavuliwa soksi ni wa mavazi. Mabishano yale yalichukua dakika arobaini, na Bwana Hobday hakufumbua jicho. Nilipopewa ushindi nilikifunga kikaratasi taratibu sana, nikimtekenya unyayo, kamera ikizunguka na watu thelathini wakitazama. Nilikuwa nimekiandika kwa herufi kubwa: DAKTARI WA MENO. Wachunguzi wa kifo wawili walioigiza kukisoma walilazimika kwenda nje kupunga upepo. Maiti ilitulia. Doreen nilipomweleza alichora msitari mwingine.

Mtaniuliza kama hakuwa na familia. Mke wake alikufa zamani. Alikuwa na binti mmoja, Frances, mwalimu mkuu wa shule kule Tottenham, mwenye masikio ya baba yake na uso ule ule mkavu, ila yeye hauvui hata chumbani. Kila usiku wa ufunguzi alikuja nyuma ya jukwaa, akanipa mkono, akanishukuru kwa kumfunga baba yake vifungo, basi. Nilimwogopa. Wanafunzi wake nao, nilisikia, walikuwa wakimwogopa.

Katikati ya miaka ya elfu mbili magoti ya Bwana Hobday yalikataa ngazi. Sehemu yake ya mwisho ilikuwa tarishi mwenye sentensi mbili, na watu walipiga makofi alipotoka kana kwamba ameimba. Kisha moyo ukaanza kumsumbua, akalazwa, na kwa bahati akaangukia wodi ya Kabula. Kabula aliniambia wagonjwa walikuwa wakimfuata kitandani kwake awasomee vyeti vyao, kwa sababu walimkumbuka kama daktari fulani wa televisheni, naye alikuwa akivisoma kwa uangalifu na kuwashauri wote wapunguze tofi.

Nilikwenda kumwona na pipi za mnanaa mfukoni. Alikuwa amepungua, masikio ndiyo yaliyobaki. Alinishika mkono, akasema, "Usije ukaona haya siku hiyo, mwizi wa vifungo." Nikamwambia sina haya, beberu, mimi nimeona suruali zako zote. Akacheka mpaka mashine ikalia na Kabula akaja mbio. Nilipotoka nje nililia kituoni mpaka mabasi mawili yakanipita. Alifariki wiki ile ile.

Barua ya Frances ilikuja kwa watu wote wa ukumbi. Ibada fupi, mavazi meusi, hakuna hotuba, baba hakupenda makuu. Nikaisoma mara tatu. Kila neno lilikuwa la heshima na kila neno lilinifunga mikono. Kuvunja kiapo changu kwa marehemu sikuweza. Kumvurugia binti maziko ya baba yake, katika kanisa ambalo si la dini yangu, mbele ya London nzima ya jukwaani, pia sikuweza. Nilichukua simu mara nne nimwombe Frances ruhusa. Kabula alikuwa kwangu, anachambua mchele, akaninyang'anya simu.

"Mtani haombi ruhusa, Zena. Ukishaomba permission wewe ni mgeni kama wageni wengine. Bora ukae home."

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyesema Mwingereza hawezi kuwa mtani. "Nimemuuguza," alisema. "Ni mtani wako, nimekubali. Na Ijumaa niko off, nitakubebea ile kofia ya mpishi."

Sasa mnaona kosa langu, ambalo Mwingereza asingelifanya kamwe. Nilikwenda maziko ya watu bila kumwambia mtu yeyote kwamba nitayasimamisha. Kwetu kila mtu angejua. Pale, katika kanisa zima, anayejua desturi ile alikuwa Kabula, na aliyeniomba niifuate alikuwa ndani ya sanduku.

Kanisa lilijaa. Majina ya taa yalikuwa mbele, wabeba supu nyuma, na nyuma kabisa nilimwona yule mwanamke wa gego, amevaa nyeusi, nadhani amekuja kumuaga daktari wake wa meno. Doreen, aliyekuwa amestaafu, aliketi pembeni bila pini hata moja, na sura yake niliiona ngeni. Mimi sikuingia. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango mkubwa, nimevaa koti lake la kahawia la mazoezi, lile lililobaki chumba cha mavazi. Kabula akanifunga vifungo.

Gari likafika. Jeneza lilibebwa na waigizaji sita, na wa mbele kushoto alikuwa mshtakiwa wetu wa zamani, nywele sasa nyeupe. Frances alitembea nyuma yake peke yake, uso mkavu. Kinanda kikaanza. Walipofika kizingitini nikatoka, nikasimama katikati ya mlango, nikapanua mikono.

"Simameni," nilisema. "Hajakaguliwa."

Wale sita walisimama kwa sababu watu wa jukwaani wakiambiwa wasimame husimama. Kinanda kikafa katikati. Kasisi akanyoosha shingo. Mtu wa shirika la mazishi, mwenye kofia ndefu nyeusi, akaja akanishika kiwiko kwa upole wa watu wanaoshughulika na wendawazimu, akaniambia mama, twende tukakae. Ningekuwa na akili ningekaa. Badala yake nikamwambia yule bwana, kwa sauti ya Bwana Hobday, kwamba anaonekana ana shida ya gego. Akaniachia.

Nikaligeukia kanisa, nikatembea. Magoti yaligongana yenyewe, nilikuwa nimeyatazama kwa miaka kumi na minne. Nikaenda hatua sita kwenye njia ya katikati, nikapapasa mfuko, nikatazama huku na huku kama Doreen yuko, nikatoa pipi ya mnanaa, nikaitia mdomoni na kuihamishia shavuni. Mtu mmoja upande wa wabeba supu akavuta pumzi, akalitaja jina lake kwa sauti ndogo. Nikarudi. Nikalikagua jeneza mbele, nikalikagua nyuma, nikainama nikatazama chini kama kuna kamba zilizolegea. Nikasema limekosa kitu kimoja. Kabula akanipa kofia. Nikaiweka juu ya jeneza, nyeupe na ndefu, mbele kabisa, pale kichwa kilipo.

Mshtakiwa akatoa mlio wa birika.

Kisha Frances akaanza kuja. Alipita kando ya jeneza, akasimama mbele yangu, akanitazama mimi, koti la baba yake, kofia. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilifungua mdomo nimwombe radhi na nikakuta nina pipi. Yeye akanyoosha mkono, akainyoosha kofia iliyokuwa imeinama kidogo, kama ambavyo angemnyooshea mtoto wa shule. Alipogeuka, machozi yalikuwa yanamtiririka na pembe za mdomo wake zilikuwa zinacheza zisijue ziende wapi.

"Amekamilika?" akaniuliza, kwa kunong'ona, vile vile.

"Amekamilika," nikasema. "Mwacheni aende."

Nikasogea pembeni, mahali pangu pa siku zote. Wale sita wakapiga hatua ya kwanza, wamebana midomo, wamekaza mashavu, mshtakiwa amewiva kama nyanya, na hapo mabega yao yakaanza. Ya kushoto, ya kulia, yote kumi na mawili. Jeneza likaanza kutikisika juu yake, kofia ikarukaruka, kanisa likaona, na cheko likapasuka kuanzia viti vya nyuma mpaka kwa kasisi. Doreen alikuwa amesimama juu ya benchi akichora msitari hewani kwa kidole, mrefu, wa kukata yote.

Nami nililitazama jeneza kutoka nyuma, kama nilivyozoea, likienda zake mbele ya watu waliojaa, linacheka, linacheka, mpaka madhabahuni.